Miaka yangu ya chuo cha ualimu Kansas, 1960 hadi 1964

Walimu vijana wakisikia nilisomea ualimu Marekani kitu cha kwanza wanachouliza ni vifaa. Mlikuwa na projekta? Maktaba ilikuwa na vitabu vingapi? Vifaa vilikuwepo kweli na nitavigusa, lakini mimi kilichonifanya mwalimu hakikuwa kifaa, ilikuwa ni daftari moja la kawaida pamoja na walimu wachache wa umri mkubwa ambao walinifanya nimtazame mtoto mmoja vizuri kabla sijafungua mdomo kumfundisha, na nataka nilieleze hilo kwa urefu manake kila nikitembelea shule nikaona wanachuo wetu wa siku hizi wanavyoingia darasani wiki ya kwanza tu na chati zao nne nzuri ukutani, roho inaniuma.

Mimi ni Mtaita wa Kenya. Nilimaliza Form Four na cheti cha Cambridge mwishoni mwa 1958, alafu nikafundisha shule ya msingi karibu na kwetu kama mwalimu asiye na mafunzo, wale tulioitwa UT, darasa la watoto zaidi ya hamsini, na silaha zangu zilikuwa chaki, sauti kubwa na fimbo kama alivyofanya aliyenifundisha mimi. Nafasi za Makerere zilikuwa chache mno, na za wasichana ndo usiseme. Wakati huohuo mwanasiasa wetu Tom Mboya alikuwa anazunguka Marekani akitafuta skolashipu. Ndege ya kwanza iliondoka Nairobi Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81, na watu waliosaidia kuchangisha pesa zake ni pamoja na Jackie Robinson yule mchezaji wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Mwaka uliofuata, 1960, pesa za nauli zilitoka kwa wakfu wa familia ya Kennedy, dola 100,000, John Kennedy mwenyewe akiwa katikati ya kampeni ya urais. Hadi 1963 tulikuwa karibu 800 kutoka Afrika Mashariki na kusini kidogo. Marehemu Wangari Maathai alikuwa kwenye kundi la 1960 kama mimi, akaenda chuo cha masista huko Atchison, na Atchison iko Kansas, jimbo lilelile nililopangiwa.

Nauli ndiyo hiyo ilipatikana, lakini nguo, mfuko wa safari na pesa kidogo ya mkononi vilitoka kwa watu. Kwetu walifanya chai ya mchango, kila mtu akaleta alichonacho, kuna mabibi walileta mayai yakauzwa hapohapo. Nilipofika New York na kupanda basi kwenda magharibi, siku na usiku na siku tena, nilikuwa nawaza wale mabibi kuliko nilivyokuwa naangalia nje dirishani.

Chuo chenyewe kilikuwa chuo cha ualimu cha serikali ya jimbo, na aina hiyo ya chuo ina historia yake. Marekani walianza kufundisha walimu kwenye shule walizoziita normal, ya kwanza ya serikali ilifunguliwa Lexington, Massachusetts mwaka 1839, na polepole kila jimbo likajenga zake, zikawa vyuo vya ualimu vya miaka minne, na nilipofika mimi nyingi zilikuwa zinaanza kuondoa neno ualimu kwenye majina yao zigeuke vyuo vya kila kitu na baadaye yunivasiti. Kwa hivo niliingia wakati mambo yanabadilika. Warusi walikuwa wamerusha Sputnik Oktoba 1957 na Wamarekani walishtuka vibaya, lawama zote wakawarushia walimu, wakasema watoto wao hawajui hesabu wala sayansi kwa sababu vyuo vya ualimu vinafundisha mbinu tupu bila maarifa. 1958 bunge lao likapitisha sheria ya elimu kwa ulinzi wa taifa ikatoa mikopo kwa wanafunzi. Rumeti wangu, mtoto wa mkulima wa ngano, alisoma kwa mkopo huo na utaratibu ulikuwa kwamba ukienda kufundisha shule ya umma wanakufutia asilimia kumi kila mwaka mpaka nusu ya deni iishe. Miaka mitano ya kufundisha, nusu ya deni imekwenda. Mpaka leo naona ile ilikuwa sera nzuri na sijui kwa nini sisi na bodi yetu ya mikopo hatujaiga.

Maisha ya hosteli nitayapitia haraka. Tulikuwa na matroni, mama mjane mwenye heshima zake, ukitoka jioni unaandika kwenye karatasi mlangoni unaenda wapi na nani na utarudi saa ngapi, usiku wa katikati ya wiki mlango unafungwa mapema, Ijumaa na Jumamosi wanakuongezea muda kidogo, na sheria hiyo ilikuwa ya wasichana tu, wavulana walikuwa wanatoka na kurudi watakavyo. Suruali darasani hairuhusiwi hata theluji iko magotini. Simu moja kwenye korido kwa ghorofa nzima. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanavalishwa vikofia vidogo vya rangi za chuo mpaka timu ya futiboli ishinde au muda wao uishe. Vile vyama vya wasichana vyenye herufi za Kigiriki havikuchukua msichana mweusi na hakuna aliyejifanya kushangaa. Mimi nilikuwa nafanya kazi kafeteria, naosha trei na kupanga vikombe asubuhi kabla ya vipindi, na pesa yake ndiyo iliyoninunulia koti. Jumapili makanisa na vyama vya akina mama walituita wanafunzi wa nje tuongee juu ya Afrika, walikuwa watu wakarimu kweli, lakini maswali yalikuwa ni simba, Mau Mau, na kuanzia mwisho wa 1960 ikawa ni Kongo na Lumumba, kila gazeti lilikuwa Kongo, ukawa unatakiwa uieleze nchi ambayo hujawahi kukanyaga.

Darasani kilichonishinda mwanzoni ni mdomo. Kuandika insha niliwapita wengi, sarufi niliijua vizuri, Shakespeare nilikuwa nimemkariri kurasa nzima, mitihani yao ya kuchagua jibu a b c d niliimaliza mapema. Lakini profesa anaingia anakaa juu ya meza anauliza mnafikiri nini, na msichana wa miaka kumi na nane anamjibu, hapana, mimi sikubaliani na hilo. Kwetu huwezi kumwambia mtu mzima hivyo. Nilinyamaza karibu semista nzima. Profesa mmoja wa saikolojia ya elimu aliliona hilo na hakunilazimisha mbele ya watu, alinipa kazi ya kumwandikia ukurasa mmoja kila wiki wa yale ambayo ningeyasema kama ningesema, alafu yeye akawa anaanza kipindi kwa kusoma sentensi yangu moja bila kunitaja jina na kuwauliza wenzangu wanaionaje. Baada ya kusikia sentensi zangu zikijadiliwa na watu wazima kama kitu cha maana nikaanza kuzisema mwenyewe. Alichofanya yule baba nimekifanya na wanafunzi wangu wanyamavu mara nyingi sana tangu hapo na mara nyingi kimezaa matunda.

Sasa nije kwenye daftari.

Chuo kilikuwa na shule yake hapohapo ndani, shule ya watoto kuanzia nasari, ya wanachuo kujifunzia. Wazo hilo Wamarekani wengi wanalihusisha na John Dewey aliyeanzisha shule ya aina hiyo Chicago mwaka 1896, na vyuo vingi vya ualimu vilikuwa na yake. Mwaka wa pili, kabla hujaruhusiwa kufundisha hata dakika moja, unapewa mtoto mmoja. Mmoja tu. Unakaa kwenye benchi nyuma ya darasa siku maalum kila wiki kwa semista nzima, na unaandika anachokifanya. Mafunzo ya namna hiyo yalienezwa sana miaka ile na Daniel Prescott wa Yunivasiti ya Maryland, na sheria yake ilikuwa ngumu kuliko inavyosikika. Andika ulichokiona na ulichokisikia, basi. Huruhusiwi kuandika mtoto ni mvivu, ni mtundu, ana akili, amechoka, hapendi hesabu. Ukiandika amechoka unaulizwa, umeonaje kwamba amechoka? Aliweka kichwa mezani? Haya andika aliweka kichwa mezani saa tatu na dakika kumi, akakiinua mwalimu alipotaja jina la jirani yake. Madaftari yalikusanywa na kila neno la hukumu lilipigiwa mstari, ya kwetu sote, na darasa zima tulilalamika kwamba mambo haya ni ya kitoto.

Mtoto wangu alikuwa mvulana wa darasa la pili. Kila mtu pale alikuwa anajua kuwa hesabu hawezi, ilikuwa kama sehemu ya jina lake. Kila akiulizwa swali la hesabu anakaa kimya, mwalimu anampa mwingine. Nami nikaandika. Wiki baada ya wiki naandika mikono iko chini ya dawati, vidole vinagusana, midomo inatikisika, mwalimu anaita mtoto mwingine, vidole vinaendelea, midomo inasimama, anatazama ubaoni alafu anatazama chini. Niliandika jambo lilelile mara nyingi mpaka siku moja nasoma kurasa zangu mwenyewe mfululizo usiku hosteli nikaona kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu muda wote, kwamba vidole vinaendelea hata baada ya swali kupewa mtu mwingine na vinasimama vikiwa vimemaliza. Yule mtoto alikuwa anafika kwenye jibu. Alikuwa anachelewa kufika, na akifika anakuta swali limeshaondoka.

Nilimpelekea mwalimu wake daftari. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mkimya, na baadaye ndiye aliyekuja kuwa mwalimu msimamizi wangu. Alisoma kurasa zote amesimama. Kesho yake alimuuliza yule mvulana swali, akaangalia dirishani, akangoja. Watoto wakaanza kupunga mikono mimi mimi mimi, yeye akangoja tu. Jibu likaja na lilikuwa sawa.

Miaka mingi baadaye nikiwa tayari nafundisha walimu nilisoma utafiti wa Mary Budd Rowe, mtaalamu wa ufundishaji wa sayansi huko Marekani, ambaye alikaa na saa na kanda za sauti akapima mwalimu anangoja muda gani baada ya kuuliza swali. Wastani ni kama sekunde moja. Akagundua mwalimu akijizuia mpaka sekunde tatu tu, majibu yanakuwa marefu zaidi na watoto ambao hawakuwa wanajibu wanaanza kujibu. Nilisoma nikiwa nalengwa na machozi, manake yule mama mkimya wa Kansas alikuwa amelifanya hilo mbele yangu kwa sababu ya daftari tu.

Kitu kingine ambacho vitabu vya chuo havikunipa nilikipata likizo ndefu. Wenzangu wakienda kwao kuvuna ngano mwezi wa sita mimi sikuwa na nauli ya kwenda popote, kwa hivo nilibaki, nikaendelea na kafeteria na kuchukua kozi za kiangazi. Na kiangazi chuo kinabadilika sura kabisa. Wale vijana wanaondoka, wanaingia wanawake wa miaka arobaini, hamsini, wengine karibu sitini, wamevaa viatu vya kazi na wamebeba vikapu. Hawa walikuwa walimu wa shule za mashambani za chumba kimoja. Walianza kufundisha wakiwa wasichana, na cheti walichokipata kwa mafunzo mafupi ya ualimu walipokuwa wanafunzi wa sekondari, na miaka yote walikuwa wanafundisha madarasa nane kwenye chumba kimoja, mwalimu mmoja, jiko moja la kuwasha asubuhi. Sasa masharti yalikuwa yamepanda, bila digrii kazi iko hatarini, na shule zenyewe zilikuwa zinaunganishwa na kufungwa, 1963 Kansas ikapitisha kabisa sheria ya kuunganisha wilaya za shule. Kwa hivo kila kiangazi wanakuja wanachukua krediti chache, mwakani tena, digrii ya miaka minne mtu anaifukuzia miaka kumi na tano.

Nilikaa nao meza moja kila jioni na niseme ukweli nilijifunza kwao kuliko kozi zote za mbinu. Kozi ya mbinu inakwambia ugawe darasa kwenye makundi. Wao walinionyesha kwa vijiko na vikombe mezani jinsi unavyoita darasa la kwanza mbele kwenye benchi dakika kumi huku la pili wananakili, la tatu na la nne wanasomeana, wale wakubwa wa la nane kila mmoja ana mdogo wake anayemsikiliza akisoma, na jinsi unavyobadilisha bila kelele na bila mtoto hata mmoja kukaa bure. Nikauliza utajuaje nani amekwama wakati macho yako yako kwa wengine? Mmoja akaniambia mwanangu, ukiwa na watoto kumi na tano miaka minane unamjua mtoto kwa namna anavyovua koti. Na walikuwa wanajua kweli, walikuwa wanawataja mmoja mmoja, huyu hawezi kusoma ukimwangalia, huyu mpe kazi ya mikono kwanza. Mmoja alikuwa anahangaika na kozi ya fasihi ya Kiingereza, nikawa namsaidia insha na yeye ananifundisha kusomesha watoto wadogo. Yale waliyoyajua yalikuwa hayana krediti na hilo naliona ni kosa la mfumo ule mpaka leo, kumpa profesa kijana aliyefundisha watoto miaka miwili mamlaka ya kumfelisha mama aliyefundisha miaka thelathini.

Likizo fupi nilikuwa naenda Topeka, mji mkuu wa jimbo, kwa mama mmoja mwalimu mweusi niliyekutanishwa naye na kanisa lake. Nilimwita Mama na yeye akaniita daughter mbele ya kila mtu. Topeka ndiko ilikotoka kesi ya Brown. Sheria ya Kansas ya 1879 iliruhusu miji mikubwa itenge shule za msingi kwa rangi, na Topeka ilikuwa na shule nne za watoto weusi, Monroe, Washington, Buchanan na McKinley. Mtoto Linda Brown alikuwa anaishi karibu na shule ya wazungu ya Sumner lakini ilibidi asafiri hadi Monroe, baba yake Oliver Brown pamoja na wazazi wengine wakaenda mahakamani, na tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa wakasema kutenganisha shule za umma kwa rangi ni kinyume cha katiba.

Hiyo ndiyo sehemu inayojulikana dunia nzima. Yeye aliniambia ile isiyosimuliwa sana. Walimu wa zile shule nne walikuwa wamesoma mno, wengi na digrii za pili, manake mtu mweusi mwenye elimu alikuwa hana milango mingine ya kuingia. Na kabla hukumu haijatoka, mwaka 1953, baadhi ya walimu weusi wa Topeka walitumiwa barua kwamba mikataba yao haitaendelea, kwa sababu shule zikiunganishwa watu wa mji hawatataka mwalimu mweusi afundishe watoto wa kizungu. Yani watoto wanafunguliwa mlango, na walimu wao wanaambiwa tokeni. Aliyasema haya akikunja nguo, bila kupandisha sauti, na alisema angeunga mkono ile kesi tena hata kesho asubuhi.

Alikuwa na desturi moja ambayo chuo hakikutufundisha. Kabla shule hazijafunguliwa Septemba anachukua rejista ya darasa lake jipya na anatembea nyumba kwa nyumba, anakaa barazani, anakunywa kitu, anauliza habari. Hatoi ripoti, haandiki chochote pale. Nilimfuata mwaka mmoja. Nyumba moja tulikuta mtoto ndiye anayelea wadogo zake watatu kwa sababu mama anafanya kazi usiku, na tulipotoka akaniambia huyu akichelewa asubuhi nitamwambia karibu, na akilala nitamwacha alale dakika ishirini. Ile daftari yangu ya nyuma ya darasa ilikuwa haiwezi kuona hicho. Kwa hivo nikajua kutazama mtoto kunaanzia wapi.

Muhula wangu wa mazoezi ya kufundisha ulikuwa ni wa mwisho wa 1963. Kawaida unafanya sehemu kwenye shule ya chuo na sehemu shule ya nje. Shule moja ya nje ilinikataa. Walisema kwa upole, wazazi hawajazoea, pengine mwaka mwingine, kwa faida ya msichana mwenyewe. Mwalimu msimamizi wangu, yule mama mkimya, hakubishana nao, aliomba nibaki kwake muhula mzima na kila siku ya Jumatatu akawa ananikabidhi darasa asubuhi hadi jioni, akasema ukitoka hapa hakuna atakayesema umefundisha nusu. Nilikuwa na hasira kwa wiki kadhaa na sioni haya kusema hivo. Lakini namna alivyonifundisha muhula ule sijawahi kuona tena. Anakaa nyuma na karatasi iliyogawanywa katikati, kushoto anaandika nilichosema mimi, kulia anaandika watoto walifanya nini dakika ileile. Baada ya kipindi hanipi maksi. Ananipa karatasi na kuuliza, hapa ulipoeleza kwa dakika sita, soma upande wa kulia uniambie. Upande wa kulia unasema wanne wanachora, mmoja anafunga kamba ya kiatu. Andalio la somo langu lilikuwa zuri sana siku hiyo, malengo yameandikwa sawasawa, nilikuwa nimerudufu karatasi za maswali kwa ile wino ya zambarau inayochafua vidole, na upande wa kulia hakuna mtoto hata mmoja aliyeonekana kuyajali hayo.

Mwaka huohuo James Conant, aliyewahi kuwa rais wa Harvard, alitoa ripoti kali kuhusu vyuo vya ualimu vya Marekani, alizunguka nchi na hakupendezwa na mengi, lakini alisema kitu kimoja hakina ubishi katika kumwandaa mwalimu, nacho ni mazoezi ya kufundisha. Maprofesa wetu walikasirika na ile ripoti. Mwalimu wangu alisema tu amesema kweli hapo, alafu akarudi kusahihisha.

Tarehe 22 Novemba ilikuwa Ijumaa. Watoto wamerudi kutoka chakula cha mchana, mimi niko mbele, mlango ukafunguliwa akaitwa nje, akarudi na uso umebadilika. Alikuja mbele akasimama karibu na mimi, akawaambia watoto kwa sentensi fupi kwamba Rais amepigwa risasi huko Dallas na amekufa, na kwamba watu wazima wengi leo watalia na nyinyi pia mnaweza. Alafu akawauliza wana maswali gani. Aliandika kila swali ubaoni. Nani sasa ni rais? Hilo akalijibu. Watoto wake wako wapi? Akasema kwa mama yao. Kwa nini? Aliliandika na akasema hili siwezi kulijibu, akaliacha limeandikwa. Msichana mmoja akanigeukia akaniuliza kwenu rais akifa inakuwaje. Nikamwambia kwetu bado tunatawaliwa na malkia wa nchi nyingine, lakini wiki tatu kutoka leo tunakuwa huru. Akauliza mtafurahi? Nikasema sana. Tarehe 12 Desemba tulikusanyika wakenya wachache wa majimbo ya karibu kwenye chumba cha kanisa, tukaimba mpaka sauti zikakauka, na bado picha ya Kennedy ilikuwa na kitambaa cheusi pale ukutani.

Nilirudi 1964. Serikali ilikuwa inahitaji walimu kuliko kitu chochote, tume ya elimu ya Ominde ilikuwa ndo imetoa ripoti yake, na waliofuzu digrii walikuwa wachache kiasi kwamba nilipelekwa moja kwa moja kufundisha kwenye chuo cha walimu wa msingi. Wakufunzi kadhaa wa kizungu waliobaki walikuwa wanaiona digrii ya Marekani kama nusu digrii na mimi sikupoteza muda kubishana. Niliomba nipewe kundi moja la wanafunzi wa P3, moja ya ngazi za cheti cha ualimu wa msingi, na ruhusa ya kutumia shule ya msingi ya jirani, nikakata madaftari katikati ili yatoshe, nikawapa kila mmoja mtoto wake. Walilalamika vilevile kama tulivyolalamika sisi.

Mwanachuo mmoja alipewa msichana wa darasa la tatu. Akaandika wiki nzima kwamba anafanya hesabu zote haraka alafu anazifuta kabla mwalimu hajafika. Anafanya, anatazama nyuma, anafuta. Wengine wakasema hajiamini, nikawaambia neno hilo lina mstari, ametazama nyuma kwa nani? Wiki ya pili akaandika jina. Alikuwa ni kaka yake, mkubwa kwake kwa miaka mitatu, aliyechelewa kuanza shule na kuwekwa darasa moja na mdogo wake, na hesabu zilikuwa zinamshinda. Mwanachuo yule alienda nyumbani kwao Jumamosi, akaongea na baba bila kutaja daftari wala hesabu. Wakapanga yule kaka akae na wavulana wa umri wake upande wa pili na asomeshwe pembeni baada ya kengele. Msichana akaacha kufuta.

Sasa hivi mwanachuo akiwa kwenye TP, yani mazoezi ya kufundisha, mkufunzi anakuja mara chache na fomu, anakaa, anaandika maksi, anamwambia sauti ni nzuri na ubao umepangwa vizuri, anaondoka. Wanajua siku atakayokuja, na chati zinatundikwa siku hiyo. Siwalaumu wanafunzi, wanafanya kile kinachopimwa. Mtaala mpya unasema mwalimu amtathmini mtoto kwa kumtazama, ni jambo jema kabisa, lakini mwalimu mwenye watoto sabini ambaye hakuwahi kufundishwa kutazama mmoja atajaza zile fomu usiku kwa kukisia.

Kwa hivo wakuu wa vyuo wakiniita kuongea nawaomba kitu kidogo ambacho hakihitaji bajeti. Wiki za kwanza za TP mwanachuo asifundishe, akae nyuma na mtoto mmoja. Na kwa walimu walioko darasani tayari na umati, chukua rejista, kila Jumatatu chagua majina matatu kwa kufuata orodha, usichague wanaong'aa wala wanaosumbua, wafuate hao watatu wiki ile na mwisho wa siku andika mistari mitano kwa kila mmoja, kwa muhula wa wiki 13 umepitia watoto 39. Andika saa, andika mikono yake ilikuwa wapi, andika alimtazama nani kabla ya kujibu, na ukikuta umeandika mvivu, mjinga au mtundu futa uandike ulichokiona. Daftari likijaa usilipeleke nyumbani, mkabidhi mwalimu atakayelichukua darasa lile mwakani.